Mkono wa Kamera Uliolia Kengele

Wiki iliyopita mjukuu wangu Neema aliniletea zawadi: kijiti cha plastiki chenye mpira wa kushikia. Unachomeka simu juu yake, na pale kidole gumba kinapotua pana kitufe chekundu. Ukibonyeza, simu inaanza kuchukua video. Ukibonyeza tena, inaacha. Nilimuuliza bei. Aliponiambia ni sawa na chipsi mayai na soda, nilicheka hadi mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kama nimepaliwa.

Sikuwa nimepaliwa. Kitu hichohicho nilikitafuta Mbeya nzima na Iringa nzima miaka ya sabini, nikiwa kijana mwembamba mwenye wasiwasi kuliko kuku aliyealikwa sikukuu. Kwa hiyo ninyi mnaopiga video za harusi siku hizi mkiwa mnatafuna karanga, kaeni kidogo. Nitawaambia kilichonipata, na humo ndani mtaokota mambo mawili matatu ya kazi.

Kwanza mnijue nilivyokuwa. Nilikuwa mtu wa kufunga mlango wa studio, kurudi kuangalia kama nimeufunga, kisha kurudi tena kuhakikisha kwamba katika kuuangalia sikuufungua. Lenzi nilikuwa naifuta hadi kitambaa kinatoboka. Mteja akija kupiga picha ya pasipoti, nilimnyoosha kola hadi anatokwa jasho, kisha nikamfuta jasho, kisha kola ikawa imepinda tena kwa kufutwa. Hakuna aliyenifundisha ufundi huu. Nilijifunza kwa kuchungulia, na kwa kitabu kimoja cha maelekezo kilichoandikwa lugha ya Ulaya nisiyoijua hata neno moja. Nilisoma michoro. Palipokuwa na mshale, nilifuata mshale.

Studio ilikuwa ya Mzee Ambakisye, pale Mbeya mjini. Yeye alikuwa na amri tatu kwa wateja: "Tulia. Macho hapa. Usipumue." Watu wa mjini, wa milimani na wa mabondeni, wote walizijua. Mtu akiona kamera popote pale, hata shambani, alikuwa anadondosha jembe, anabana mikono mbavuni na kukaza uso kama anasubiri hukumu. Picha ilikuwa kutulia. Liwekeni hilo akilini.

Siku moja mhandisi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia Mzee Ambakisye kamera ya sinema, ndogo, ya kubeba kiganjani. Mkanda wake haukuwa na sauti, nao ulikwisha ndani ya dakika chache. Kuusafisha ilibidi uupeleke posta, uende Ulaya, na ukirudi umeshasahau ulipiga nini. Sasa, kitufe cha kuuendesha kilikuwa kidogo, kigumu, kimejificha chini ya lenzi. Ukikibonyeza, kamera inainama kama mzee anayesinzia kanisani. Na mikono yangu ilikuwa inatetemeka hata nikishika kikombe kitupu.

Nilijaribu kwa kupiga mlima Loleza. Mkanda uliporudi tukautazama ukutani. Mlima unaruka, unakaa, unaruka.

Mzee Ambakisye akanigeukia. "Gwamaka," akasema, "huu mlima nimeuona tangu nazaliwa. Haujawahi kucheza ngoma."

Ingekuwa imeishia hapo, kamera ingerudi kabatini. Lakini akaja Mzee Masanja.

Alikuwa mfugaji, Msukuma mrefu, koti jeusi na makatambuga ya tairi miguuni. Alikuwa amehama kutoka Shinyanga na ng'ombe wake miaka mingi nyuma, akakaa tambarare za Usangu, upande wa Chimala. Alisikia kwamba tuna kamera inayochukua watu wakitembea.

"Mama yangu yuko kule nyumbani," alisema, "miguu imekataa. Mimi siwezi kuwaacha ng'ombe safari yote ile. Tangu nihame hajaniona. Watu wamemwambia huku kuna baridi na mbu, mwanao amekwisha. Nami kila mwaka namtumia picha, lakini haamini. Sasa binti yangu Kabula anaolewa. Nataka mama aione hii harusi. Misheni ya karibu naye wana mashine ya kuonyesha sinema, nimeshauliza."

Mzee Ambakisye alikuwa na mgongo mbovu, barabara ya Usangu asingeiweza. Akaninyooshea kidole. Mzee Masanja akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, hasa mikono.

"Kijana, wewe ni mgonjwa?"

"Hapana, mzee. Ni wasiwasi."

"Basi upunguze kabla ya harusi. Ng'ombe akifa nanunua mwingine. Harusi ya Kabula hairudiwi. Na mama sijui atanisubiri hadi lini."

Mikanda tuliyobaki nayo ilikuwa miwili. Toka siku ile sikulala usingizi wa maana.

Katika kile kitabu cha michoro kulikuwa na picha ya mkono wa kamera: unaufunga chini ya kamera, unaushika kama mpini wa tupa, na kitufe kiko hapohapo kwenye kidole. Huo ndio ungeniokoa. Tuliulizia Dar es Salaam. Jibu lilikuja: upo, ila bei yake ni ya ng'ombe dume mwenye afya. Mzee Ambakisye alikohoa tu, nikaelewa.

Nikaanza kutafuta wa bei ya maskini. Kwanza nilifunga mpini wa pasi ya mkaa. Ulishika vizuri, lakini nikiinua kamera nilionekana kama napiga pasi hewa, na kitufe kilibaki kulekule. Kisha mpini wa birika. Nilipojaribu nao nje ya mgahawa wa jirani, wateja wawili walinisogezea vikombe. Nilijaribu mpini wa msumeno, wa panga, na wa mlango wa choo cha studio, ambao Mzee Ambakisye aliutafuta siku nzima akiwa ndani ya choo hicho.

Dereva mmoja wa lori ndiye aliyenionea huruma. "Nenda Iringa," akasema. "Shukia Ipogolo, pale bondeni kabla hujapanda mjini. Ulizia Fundi Nati wa baiskeli. Huyo ukimpelekea redio iliyokufa anakurudishia ikiwa nzima na ina watoto."

Nilipanda basi. Ipogolo niliipita, kwa sababu basi liliposimama pale nilikuwa nimeinamia mfuko kuangalia kama kamera bado imo. Nikajikuta mjini, Mlandege. Nikateremka mlima wote kwa miguu, kamera kifuani kama mtoto mchanga.

Fundi Nati alikuwa Mhehe mnene, ameketi juu ya kreti la soda, amezungukwa na fremu.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Baiskeli iko wapi?"

"Sina baiskeli. Nina kamera."

Aliichukua, akaigeuza, akatafuta tairi. "Inaumwa nini?"

Nikamweleza: nataka mpini, na kitufe kwenye mpini, nikibonyeza mara moja iendeshe mkanda, nikibonyeza tena isimame, nami nisitingishike. Nilimweleza mara nne, kwa wasiwasi, na mara ya nne nilimchorea chini kwa kijiti.

"Nilielewa mara ya kwanza," alisema. "Hizo nyingine ulikuwa unajieleza mwenyewe."

Kisha akachomoa kalamu mfukoni mwangu. Ilikuwa kalamu ya kubonyeza: tak, ncha inatoka, tak, ncha inaingia. Akaibonyeza mara kadhaa mbele ya pua yangu, akitabasamu. "Kitufe chako hiki hapa. Umekuja nacho kutoka Mbeya."

Alichonga mpini wa mti, akauvisha mpira wa usukani wa baiskeli, akaiweka kalamu kwa ndani ikitazama juu, ncha yake ikigusa kitufe cha kamera. Ila kichwa cha kalamu kilikuwa kimefichika, kidole hakikifikii. Akapekua kopo lake, akaja na kengele ya baiskeli. Ule ulimi wake wa kusukuma kwa kidole gumba akauunga na kipande cha waya, waya ukawa unaibonyeza kalamu. Akaweka na mkanda wa ngozi ili mpini uning'inie mkononi nisiuangushe. Nikausukuma ulimi. Kamera ikaanza, krrrr, haikuinama hata kidogo. Nilikaribia kulia. Tatizo ni kwamba ililia pia kengele. Kring!

"Baba, tuondoe hii kengele."

"Springi iko ndani ya kengele. Ukiondoa kengele umeondoa moyo."

"Lakini italia kila nikibonyeza."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Kamera hazilii kengele."

"Hazijapata nafasi tu."

Malipo aliyotaka ni picha yake moja akiwa na baiskeli yake. Nilikuwa na kamera ya kawaida mfukoni, nikampiga palepale. Nilianza kumnyoosha kola. Nikainyoosha, nikarudi nyuma, nikaona haiko sawa, nikarudi. "Kijana," akasema, "kola hii umeishika leo kuliko mke wangu tangu tuoane. Piga."

Nilipokuwa narudi, basi lilisimamishwa na mgambo. Miaka ile watu walikuwa macho, mgeni mwenye kitu asichoweza kukieleza alikwenda kujieleza kituoni. Mgambo mmoja alifungua mfuko wangu, akaona mpini na kitu cheusi juu yake, akaruka nyuma.

"Bunduki!"

Abiria wote wakainama. Nilichoweza ni kusukuma ule ulimi wa kengele. Kring, kring.

Mgambo akanitazama. Akaitazama kamera. "Bunduki gani," akasema, "inaomba njia?" Basi zima likaangua kicheko, naye akanirudishia mfuko. Ndiyo mara ya kwanza nilimshukuru Fundi Nati kwa ile kengele.

Sasa harusi. Nilifika Chimala mapema, nikapokelewa kwa gari la ng'ombe hadi nyumbani kwa Mzee Masanja. Bwana harusi alitoka kwa Wakristo wa milimani upande wa Mbeya, kwa hiyo kulikuwa na kwaya yao upande mmoja na ngoma za Wasukuma upande wa pili, na kila upande ulikuwa umeapa kutosikia mwingine. Kelele zilikuwa za kutikisa meno. Mimi, kwa wasiwasi wangu, nilisimama juu ya kinu kilichopinduliwa nikatangaza: "Jamani, kengele ikilia picha imeanza! Ikilia tena imekwisha!"

Nilidhani nimefanya jambo la maana.

Mzee Masanja akaja kunisalimia. Kwetu mkubwa hasalimiwi kwa mkono mmoja mtupu. Unatoa wa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko chako cha kulia, huku umeinama kidogo. Nikafanya hivyo, kamera ikining'inia mkono wa kushoto. Kengele ikalia kidogo pale kiwikoni. Watoto wakacheka, nami nikacheka kwa aibu, tukaendelea na salamu za nyumbani, za ng'ombe na za mvua.

Kisha kazi ikaanza. Niliinua kamera, viwiko mbavuni, pumzi nje polepole (hilo lishikeni, linafaa hata kwa simu), nikabonyeza. Kring!

Harusi nzima ikasimama.

Nasema nzima. Mpiga ngoma alibaki na fimbo hewani. Kwaya ikabaki midomo wazi, mmoja kwenye "a", mmoja kwenye "o". Kabula na bwana harusi wakabana mikono mbavuni. Mama mmoja aliyekuwa anamimina togwa alisimama hivyohivyo, na togwa likaendelea kumiminika kwenye kiatu cha mchungaji, ambaye naye hakusogea.

"Chezeni!" nikapiga kelele. "Tembeeni! Hii ni sinema!"

"Subiri kwanza," shangazi yake Kabula alinijibu bila kufungua meno, "si unapiga picha?"

Nikabonyeza tena. Kring! "Imeisha!" wakashangilia, na ngoma ikarudi, vumbi likapanda, watu wakacheka na kusukumana. Nikainua kamera haraka. Kring! Kimya, wameganda. Nilikimbia huku na huku. Nilijificha nyuma ya ghala, kengele ikanisaliti. Nilijaribu kuibana kwa kitambaa, ikalia kama mbuzi mwenye mafua, wakaganda hivyohivyo. Mzee Masanja ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. Kila kengele ilipolia alikuwa anakaza uso kama anasimamia bendera.

Jambo moja lilinishangaza: mikanda ilikwisha upesi sana. Nilijilaumu, nikasema ni wasiwasi wangu umeila.

Tulipeleka mikanda posta. Mvua zikaja zikaisha. Mikanda iliporudi, Mzee Masanja akaja Mbeya kuiona kabla ya kuituma. Tuliziba dirisha la studio kwa blanketi, tukatundika shuka jeupe, Mzee Ambakisye akawasha projekta.

Kitu cha kwanza kutokea kilikuwa kiwiko changu. Kikubwa, chote ukutani. Baada ya kiwiko yakaja makatambuga ya Mzee Masanja, yananisalimia.

Hapo nikaelewa. Ile kengele ya kwenye salamu ndiyo iliyowasha kamera. Toka pale kila kitu kiligeuka: nilipodhani nawasha nilikuwa nazima, na nilipodhani nimezima, kamera ilikuwa inaendelea ikining'inia mkononi mwangu, usawa wa goti. Na kwa zile ngoma, krrrr yake nisingeisikia hata ingekuwa ya trekta. Uso wa mtu aliyetulia haukuwamo hata mmoja. Ilikuwa ni miguu, vumbi, makalio na mikia ya ng'ombe, vyote vimepinda upande kama nchi inateleza. Ndama akaja akalamba lenzi, ukuta mzima ukawa ulimi. Kabula alionekana nyuma ya ghala, shela begani, anatafuna mfupa kwa haraka kabla hawajamwita. Mchungaji alionekana amevua kiatu anamimina togwa. Halafu yale makatambuga yakarudi, yanacheza. Yalicheza kweli, na vumbi likaruka hadi magotini.

Mzee Ambakisye alizima mashine. Blanketi likadondoka dirishani lenyewe.

"Mimi nilicheza?" Mzee Masanja akauliza.

"Ulicheza, mzee," nikajibu, nikitazama sakafu. "Usiitume. Nakuomba. Nitamwandikia mama yako mwenyewe, niseme kosa ni langu, niseme..."

"Utamwandikia kumwambia harusi irudiwe?" Akaviringisha mikanda ndani ya kitambaa, akaitia kwenye koti. "Nilikwambia hairudiwi. Mdogo wangu anasafiri keshokutwa. Ataipeleka hivihivi." Akatoka bila kuaga, na kwa Msukuma mwenye adabu kama yule, hilo lilikuwa kofi.

Nilikunja nguo zangu. Nilikuwa nimeamua kurudi nyumbani Tukuyu kulima viazi, kwa kuwa kiazi hata ukikipanda kichwa chini kinaota. Mzee Ambakisye aliniambia ningoje tu msimu huo uishe, kwa sababu mgongo wake haujapona. Nikangoja, nikipiga picha za pasipoti, sinyooshi hata kola ya mtu. Wateja walilalamika.

Mzee Masanja alirudi wakati wa mavuno ya mpunga. Nilipomwona mlangoni nilijificha chumba cha giza. Akaja kugonga.

"Toka, kijana. Mdogo wangu amerudi."

Nikatoka. Aliketi kwenye kile kiti cha wateja, mbele ya pazia lenye maua, akaanza kunieleza.

Walimbeba mama yake hadi misheni, wakamkalisha mbele. Mashine ikawashwa, makatambuga yakatokea. Mwenye mashine aliona aibu, akataka kuzima akidhani mkanda umeharibika. Mama akamwinulia fimbo.

"Acha," alisema. "Huyo ni Masanja. Mguu wa kushoto anautupa nje hivyo tangu alipoanguka mtini akiwa mdogo."

Mdogo mtu akamwambia: lakini mama, pole, uso haukuonekana hata kidogo.

"Uso ninao," akajibu mama. "Kila mwaka ananiletea uso kwenye picha, umekakamaa kama wa maiti, ndiyo maana nilidhani amekwisha. Mtu aliyekwisha hachezi hivi." Wakaurudisha mkanda mwanzo, wakaurudisha tena, hadi mwenye mashine akalalamika kwamba taa itaungua. Alimcheka Kabula na mfupa wake hadi machozi. Kuhusu ng'ombe alisema wamenona.

Mzee Masanja akajifuta pua kwa nyuma ya mkono.

"Ila ameuliza jambo moja," akaendelea, "nami nimekuja kukuuliza wewe. Anauliza, hii sinema imepigwa na mbuzi?"

Mzee Ambakisye alitoa sauti kama birika linalochemka.

"Kwa sababu ya urefu wake," Mzee Masanja alieleza, uso umekaza vilevile. "Kila kitu kimeonekana kwa macho ya mbuzi. Amesema, kama ni mbuzi, mshukuruni huyo mbuzi, mwambieni: wabeja sana."

Basi. Tangu siku ile hadi nilipostaafu, kuanzia Mbeya hadi Iringa, watu waliniita Fundi Mbuzi. Nilikuja kuzoea, hata nikaliandika kwenye kibao cha studio yangu mwenyewe. Kile kidude cha Ipogolo nilikitumia miaka mingi, ila nilijifunza kugusa ncha ya kalamu kwa kidole kabla ya kusalimia mtu. Nanyi kitufe chenu hakilii kengele, lakini kitazameni kabla ya kutoa mkono kwa mkubwa.

Jana Neema alikuja na wenzake, wakataka nijaribu ile zawadi. Wakajipanga ukutani, midomo imebinuliwa, vidole viwili juu, wametulia tuli. Nikabonyeza, taa ikawaka, nikahesabu kidogo, kisha nikasema, "Haya, imeisha," nikaishusha simu hadi usawa wa goti.

"Babu," Neema akasema huku anakuja mbio akicheka, wenzake nyuma yake wakisukumana, "mbona hiyo taa bado inawaka?"